Nusu ya Jiwe la Kunolea

Watu waliokaa ng'ambo huwa na ushahidi wao: koti zito, picha ya theluji, kikohozi kisichoisha. Mimi ng'ambo yangu ilikuwa Voi. Nilipanda treni Korogwe, nikabadilisha Kahe, na Taveta askari wa forodha akafungua mfuko wangu akakuta mashati mawili, suruali moja, na kopo la samli niliyopewa na mama mkwe. Akanusa samli, akaniuliza naenda Kenya kufanya nini. Nikasema kazi. Akanitazama juu mpaka chini, akanirudishia kopo huku amebana kicheko. Hiyo ndiyo safari yangu ya ng'ambo, na sijawahi kumpata mtu wa kumsimulia bila kuchekwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Shamba la mkonge nililokuwa nikifanya kazi kule kwetu lilikuwa linapunguza watu, na meneja wa shamba moja karibu na Voi alikuwa anatafuta mtu wa stoo anayejua katani na asiyepoteza vitu. Mimi nilikuwa sipotezi vitu. Kwa kweli hiyo ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo, na niliilinda kama mboni ya jicho. Katika stoo yangu mapanga yalilala upande mmoja, vipini vyote vikiangalia mlango, na ukiniamsha usingizini ningekuambia msumari wa inchi tatu uko rafu gani.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakulia wala hakunizuia. Alisema, "Tangulia. Nikishajifungua na mtoto akipata nguvu, nitakuja kutazama. Mwezi mmoja. Pakinikubali nitakaa. Pasiponikubali narudi kwa mama, na wewe utachagua mwenyewe kati ya mkonge na sisi." Nilijua hatanii. Huyu ni mwanamke ambaye akisema anakwenda sokoni, hata mvua ya mawe inyeshe, utamkuta sokoni.

Basi Voi nikapanga chumba na ukumbi mdogo kwenye nyumba ya mjane mmoja wa Kiislamu, mtu wa pwani, ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka karibu na stesheni. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati yenye milango sita, na ng'ambo ya njia palikuwa na nyumba nyingine za namna hiyohiyo. Katikati palisimama bomba la maji la mtaa mzima. Nilihesabu hatua kutoka mlango wangu mpaka pale: thelathini. Jioni ileile nikamwandikia mke wangu kwamba asiwe na wasiwasi wowote, maji yako mlangoni.

Sikumwandikia tabia za lile bomba. Siku moja lilitoa kabla ya mapambazuko, siku nyingine alasiri mpaka magharibi, kwa saa mbili hivi, kisha likakohoa, likatema kutu na kunyamaza. Nami nililelewa kumpisha mwanamke mwenye mzigo. Pale bombani wote walikuwa wanawake na wote walikuwa na mizigo. Nikawa nasimama na debe langu nikisema, "Tangulia mama," "Pita dada," "Wewe una mtoto, pita." Walipita. Mungu ni shahidi yangu, walipita. Wengine walirudi mara ya pili wapishwe tena. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, mzaliwa wa milima ya Sagalla, ambaye mumewe alifanya kazi reli, alinitazama wiki nzima kisha akaniambia, "Bwana Stoo, ukiendelea hivi utaoga na mate."

Kitu ambacho sikukiona, au nilikiona nisikijue, ni mawe. Nilitoka alfajiri na lori la shamba na kurudi jua likiwa linazama, na siku zote nilikuta pale bombani pamezagaa: debe hapa, jiwe pale, kigae cha chungu, kiatu kimoja cha mwanamume. Nilidhani ni uchafu. Iliniuma moyo kama mtu wa stoo.

Jumapili moja, baada ya bomba kunyamaza siku mbili, majirani zangu wote wakaenda kanisani, na Bi Mkubwa alikuwa ametoka kutembelea ndugu. Mimi nilibaki nyumbani sina kazi, na mtu wa stoo asiye na kazi ni hatari kwa umma. Chini ya bomba palikuwa na shimo la tope lisilokauka, ambamo nilishaona akina mama wawili wakiteleza. Nikasema leo nitawafanyia ihsani. Nikaokota mawe yote, kama ishirini, nikayatupa shimoni na kuyashindilia kwa mpini wa jembe mpaka pakawa sawa. Kiatu na vigae nikavipeleka kwenye jalala. Madebe nikayapanga kwa ukubwa, madogo mbele, makubwa nyuma, mishikio yote ikiangalia upande mmoja. Nikafagia. Halafu nikatoa kiti nikakaa mlangoni kusubiri shukrani.

Walirudi na nguo zao nzuri. Wa kwanza alipofika akasimama ghafla, na wa nyuma yake akasimama, mpaka njia ikajaa wanawake waliosimama. Na kama kwa makusudi, bomba nalo likachagua dakika ileile kukohoa na kuanza kutoa maji.

Hapo ndipo nilipoelimishwa. Yale mawe yalikuwa watu. Kila mama alikuwa na jiwe lake, na akishaliweka kwenye foleni ni sawa na kusimama mwenyewe. Anaweza kwenda shambani, kanisani, hata kujifungua, akirudi atakuta nafasi yake. Kile kiatu kilikuwa cha marehemu mume wa mjane mmoja wa ng'ambo ya njia, aliyeona jiwe halimtoshi heshima. Foleni ya siku mbili, ambayo kila mtu aliijua kwa kichwa kama anavyojua watoto wake, mimi nilikuwa nimeizika kwenye tope. Sasa maji yanamwagika na hakuna anayejua wa kwanza ni nani, maana wote walikuwa wa kwanza. Kelele zilizotoka pale nadhani zilisikika stesheni. Mimi, badala ya kujificha, nikasimama nikapendekeza tuwapange kwa herufi za majina yao kama tunavyopanga vipuri.

Mama wa Sagalla hakupiga kelele. Alinijia polepole. "Jiwe yangu iko wapi?"

"Lipi, mama?"

"Ile ya kunolea kisu. Nyembamba, ndefu. Ya mama yangu. Nilishuka nayo Sagalla siku nilikuja kuolewa."

Nikaonyesha kwa kidole pale chini ya bomba, ambapo wanawake kumi walikuwa wakikanyagana na maji yakizidi kulainisha tope. Aliangalia pale, akaniangalia mimi. "Sawa," akasema. "Kesho weka jiwe yako kwa laini. Tuone."

Nikaweka. Niliweka la tatu. Asubuhi nikalikuta la kumi na tisa. Siku iliyofuata nikaliweka la pili, nikalikuta la mwisho, na nyuma yake pamefagiliwa vizuri. Nilipouliza nani amelisogeza, kila mmoja alishangaa kwa dhati kabisa. Mawe ya Voi yana miguu. Kwa wiki kadhaa nilioga kazini, nikanywa kazini, na kurudi na kopo la maji kwenye lori kama mgonjwa aliyetoka hospitali.

Ndipo barua ikaja. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, sasa ana miezi minne na ana nguvu, na watafika na treni ya Jumamosi, wiki mbili zijazo. Ameshona nepi dazeni mbili. "Nashukuru maji yako mlangoni," aliandika, "maana mtoto huyu anakojoa kwa niaba ya ukoo mzima." Niliisoma barua ile nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaenda kwa Bi Mkubwa.

Nilimweleza yote. Alikuwa amekaa barazani akipepea jiko. "Mwanangu," akasema, "wewe hukuwaibia maji. Umewaibia zamu zao, na zamu ya mtu ndiyo heshima yake. Usiende kuwaomba radhi mikono mitupu. Kafukue."

Jumapili iliyofuata nikachukua jembe. Walijua nitakuja, maana Bi Mkubwa alikuwa na siri kama bomba lile lilivyo na maji. Wote walikuwa wametoa vigoda wamekaa milangoni, wakipukuchua kunde, wakiniangalia. Nikavua viatu nikaingia topeni. Nilitoa jiwe moja moja, nikalifuta kwa shati langu, nikaliinua juu na kuuliza, "La nani hili?" Na wao, kwa raha zao, hawakujibu haraka. "Ebu geuza." "Inua kidogo." "Hapana, langu lilikuwa na sura nzuri kuliko hilo." Mtoto mmoja akaanguka chini kwa kicheko. Mpaka jua linapoa nilikuwa nimerudisha mawe yote isipokuwa moja, na tope limenifika mapajani.

La mwisho nililipata chini kabisa. Nilijua ni lenyewe kwa wembamba wake na kwa jinsi lilivyolika katikati, mahali ambapo mama mtu na bibi mtu walipitisha visu miaka na miaka. Lilikuwa limepasuka vipande viwili. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Si aibu ya kuchekwa, hiyo nilishaizoea. Nilikuwa mtu asiyepoteza vitu, na nilikuwa nimevunja kitu pekee cha mtu. Nikampelekea mikononi nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilitaka kusaidia."

Akaviunganisha vile vipande, vikashikana barabara. Akavitenganisha. Akaviunganisha tena. Wanawake wote waliacha kupukuchua kunde.

"Imevunjika vizuri," akasema mwishowe. "Sasa niko na nafasi mbili."

Njia nzima ikaangua kicheko, na Bi Mkubwa kutoka barazani akasema hiyo ndiyo fidia na maneno yaishe. Toka siku hiyo jiwe langu likakaa pale nilipoliweka. Na mama wa Sagalla akaweka vipande vyake viwili kwenye foleni, akachota madebe mawili wakati wenzake wanachota moja, na hakuna aliyemwuliza. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kabisa wa kuuliza.

Jumamosi ya treni nilikuwa stesheni mapema mno. Mke wangu akashuka na mtoto mgongoni na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani, mizunguko minne, na juu yake fundo ambalo mtu wa Korogwe yeyote angelijua. Lilikuwa fundo la mama mkwe. Mama mkwe hakutaka mwanawe aje, na nadhani nia yake yote aliifunga pale. Mtoto alinitazama, akapiga chafya kwa vumbi, akalia.

Tulipofika nyumbani mke wangu alisimama mlangoni akaliangalia bomba. Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Thelathini," akasema.

"Mlangoni," nikasema.

"Mlangoni kwa nani?"

Hakulalamika zaidi ya hapo, na ndicho kilichonitisha. Kila asubuhi alifungua lile fundo kwa subira, akatoa kanga na nepi za siku hiyo, akafunga tena. Sanduku halikuwahi kulala limefunguliwa hata siku moja. Niliichukia ile kamba kama binadamu. Maji nilichota mimi, kabla ya lori au baada yake, debe moja kwa siku, na debe moja kwa mtoto yule lilikuwa kama tone. Nepi alizianika juu ya boma la michongoma, upepo ukazipaka vumbi la Voi, na dazeni mbili za nepi nyeupe zikageuka rangi ya tofali. Mke wangu alikung'uta moja, akaiangalia, akasema kwa upole, "Kumbe huku nepi huja na rangi yake."

Majirani walimpokea vizuri. Mama wa Sagalla alileta kimanga cha mihogo na maharage yaliyopondwa, cha moto, na mke wangu akashukuru kwa heshima zote, na kesho yake akarudisha sahani ikiwa na maandazi. Alileta tena, ikarudi tena na kitu. Mke wangu alimwamkia Bi Mkubwa kila asubuhi. Aliwasifu watoto wa watu. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Adabu yake ilinitia hofu, kwa sababu mwanamke huyu kwao ana ulimi, na mtu akiufungia ulimi wake sandukuni ujue yuko safarini. Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya ishirini alikuwa bado mgeni.

Wiki ya tatu akaniuliza treni ya kwenda Taveta huondoka siku gani.

Nikamjibu. Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia wakati ule: niliipenda ile kazi. Kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa amenipa funguo zote na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Lakini nilikuwa nimeshaona mtoto wangu akicheka, na nilianza kupanga kichwani maneno ya barua ya kuacha kazi. Yalikuwa yakija kwa shida sana.

Ijumaa, siku mbili kabla ya mwezi kutimia, lori lilituteremsha mapema. Nilikuwa bado barabarani niliposikia sauti ya mwanamke akigomba. Nikawaza, leo kuna mtu amekoma. Nilipokata kona nikakuta mtaa mzima umezunguka bomba, na anayegomba ni mke wangu, mtoto mgongoni, debe tupu mkononi, mbele ya mama wa Sagalla.

"Mtu mmoja, nafasi moja!" alikuwa anasema. "Au wewe una matumbo mawili?"

"Uliza bwana yako!" mama wa Sagalla akajibu kwa ile sauti yake. "Yeye ndiye alivunja jiwe yangu!"

"Alivunja jiwe, hakuvunja hesabu! Ulikuwa na jiwe moja. Sasa lingepasuka vipande kumi, ungechota madebe kumi, na sisi wengine tulambe bomba?"

Wanawake wengine walikuwa kimya, macho chini, na niliona kwamba hayo maneno walikuwa nayo wote vinywani kwa wiki nyingi. Nikataka kupita katikati yao niombe radhi, maana ndiyo kazi niliyozoea pale bombani. Bi Mkubwa akanishika mkono. "Waache, mwanangu," akanong'ona. "Hapo huna zamu."

Mama wa Sagalla aliweka debe lake chini. Kisha akapiga paja lake akacheka, kicheko kilichomtoa machozi. "Haya!" akasema. "Hawa wote wamenyamaza. Mimi nangoja tu nione nani ataongea, kumbe ni huyu mgeni wa juzi!" Akainama, akaokota kile kipande cha pili kutoka kwenye foleni, akamwekea mkononi. "Shika. Hii ni yako. Lakini ujue uko nyuma yangu, si mbele."

"Nyuma yako sawa," mke wangu akasema, bado anahema. "Nyuma ya mwingine sitaki."

Akachota. Nilipotaka kumtwika alinisukuma kwa kiwiko, akajitwika mwenyewe, jiwe mkono mmoja. Nikamfuata ndani. Akatua debe, akamteremsha mtoto, na maneno yakawa yanamtoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Watu wa huku wabishi. Watu wa huku wanaogopana. Na kesho atawahi mapema sana, kwa sababu yule wa mlango wa nne amemwona kwa macho yake akisogeza mawe ya wenzake, na Jumatatu ijayo akirudia atamwambia mbele za watu.

Jumatatu ijayo, amesema. Mimi nilikuwa nimesimama pale na viatu vyangu vya kazi na sikuthubutu kukohoa. Mtu hagombei foleni ya mji anaouhama. Nikaangalia ukutani asinione uso.

Akachovya vidole kwenye debe, akadondoshea jiwe maji, akachukua kisu cha jikoni akakinoa, upande huu, upande ule, akakijaribu kwa ncha ya kidole gumba. Nilidhani anataka kukata mboga. Akaenda kwenye sanduku, akapitisha kisu katikati ya fundo la mama yake, na kamba ikaanguka sakafuni.

"Nepi zangu zimechoka kulala kwenye michongoma," akasema, akinirushia kamba. "Funga kuanzia hapa mlangoni mpaka pale kwa Bi Mkubwa."

Nikapanda kiti nikafunga. Akaivuta kuijaribu, akasema imelegea, nifunge tena.